Aliyekalia Nafasi ya Pili

Saa nane mchana, mwalimu wa dansi alifungua kompyuta mpya akakuta maktaba yake ya nyimbo tupu. Nyimbo alizonunua kihalali miaka nenda miaka rudi, na saa kumi wanafunzi wake wanapanda jukwaani! Akampigia fundi.

"Umezifuta?"

"Nifute nini, mama? Nyimbo zinakaa kwenye akaunti yako, si kwenye kompyuta. Ile ya zamani niliiondoa wiki iliyopita. Kioo kinasemaje?"

"Vifaa viwili tu vinaruhusiwa, na nafasi zimejaa."

"Basi kuna mtu kakalia nafasi yako. Nenosiri analijua nani?"

"Sisi wa nyumbani tu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alimwita binti yake, naye akaonyesha simu yake: nafasi ya kwanza. Ya pili ilikuwa kompyuta isiyo na jina. Wiki nzima ilicheza wimbo mmoja, waltzi ya wanaoanza, dansi ya wawili wawili, kila siku saa saba mchana.

"Saa saba mimi niko darasani," binti alisema.

Mwalimu alisisimka. Hofu ilikuwepo, lakini raha ya kuwinda iliizidi. Mumewe akaingia, akavua viatu polepole. Visigino vyote vilikuwa na plasta.

"Pole, baba," mwalimu alimwambia. "Ngazi za ofisini bado zinakutesa?"

"Ngazi gani? Si kuna lifti."

"Na jana?"

"Lifti haijawahi kuharibika."

"Juzi uliniambia malengelenge ni ya ngazi, lifti mbovu."

Njia ya mwongo ni fupi. Mume alitazama plasta zake, kisha binti, ambaye tayari alikuwa amejifunika mdomo asicheke.

"Saa ya chakula nafunga mlango wa ofisi," alikiri. "Nafanya mazoezi ya waltzi na kiti. Kila mwaka kwenye onyesho unacheza na waume za watu, mimi nashika pochi yako. Nikaona mwaka huu nikushtue. Sikujua nakuzibia njia. Ondoa kompyuta yangu ya ofisini."

Mwalimu aliiondoa, na nyimbo zikaanza kuingia kwenye kompyuta mpya moja baada ya nyingine. Furaha ilimjaa hadi akashindwa kumgombeza.

"Plasta unazo nyingine?"

"Ninazo."

"Beba. Mimi si kiti, nazunguka."

Saa kumi na nusu ukumbi ulipopiga makofi, pochi ilikuwa imekaa peke yake kwenye kiti cha mbele.