Boti Iliyokula Lori

Ndugu zangu wa Songea, na nyinyi mliosimama kando ya barabara ya Mbinga mkiipigia makofi boti ya Thadei, ketini tusemezane. Nina hasira, na sitaificha. Nimezunguka nchi hii tangu ujana, nimebangua korosho Nalasi, nimelinda maghala ya watu, shule nimeisoma vipande vipande, mwaka huku, nusu mwaka kule. Msitegemee maneno ya kupambwa. Nitasema nilichokiona, basi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo jana tulivipangia foleni. Mimi nilikuwa nimefikia mtaa wa Mfaranyaki, hapa Songea, nyumbani kwa Thadei na mkewe Kunegunda, wamenipa chumba cha uani bila kuniuliza nitaondoka lini. Nyumba ilikuwa na amani. Jioni ile ya mwezi wa saba Kunegunda alikuwa amekaa kwenye jamvi anapepeta maharage, kuku wanadonoa pembeni, sufuria ya kisamvu inachemka taratibu. Alikuwa akisikiliza barabara. Mumewe alikuwa amekwenda Dar es Salaam na lori lao, amepeleka mahindi, na siku yoyote angerudi.

Lori lile ndilo lililokuwa jiko la nyumba hiyo. Lilinunuliwa kwa tumbaku na mahindi ya shamba la Mpitimbi, shamba la mama yake Kunegunda, bibi Walburga. Ndilo lililotoa mavuno shambani kila mwaka. Mgonjwa wa Mpitimbi alipozidiwa, lilimfikisha hospitali. Wakati huo mahindi mapya yalikuwa yamelundikwa kule kule shambani, yakisubiri lori liyafikishe mjini kabla mvua haijaanza.

Tukasikia honi. Kunegunda akainuka na ungo mkononi, anacheka. Kicheko kikaishia njiani. Lililoingia uani lilikuwa lori la mtu mwingine, linavuta trela, na juu ya trela kuna boti.

Ilikuwa nyeupe kama jino. Ina viti vya ngozi mbele na nyuma, usukani kama wa gari, na katikati mlingoti wa chuma wa kufungia kamba. Thadei alikuwa amesimama ndani yake, miwani myeusi usoni, anapungia mkono watu kama mbunge aliyepita bila kupingwa.

"Mama Leticia!" akaita. "Njoo uone!"

"Nimeona," akajibu mkewe. "Lori liko wapi?"

"Lori ndilo hili. Limebadilika."

"Baba Leticia, nakuuliza lori. Hilo ni beseni."

Majirani wakaangua kicheko. Thadei hakucheka. Akaeleza, kwa sauti ya kuhutubia, kwamba mfanyabiashara mmoja wa Dar amechukua lori akampa boti mpya, na kwamba hii si boti ya kuvulia dagaa. Ni ya mchezo. Ikikimbia inaacha nyuma yake wimbi kubwa, na mtu anasimama juu ya ubao, anateleza kwenye wimbi hilo hilo. Wazungu wanaulipia mchezo huo. Nchi imefunguliwa, watalii watamiminika Ziwa Nyasa, na watamkuta yeye yuko tayari.

"Kutoka hapa mpaka ziwani ni milima yote ya Umatengo," nikamwambia. "Utawasubiria watalii hapa Mfaranyaki?"

"Mzee, wewe umezoea kutembea kwa miguu. Huwezi kuelewa."

Sawa, sikuelewa. Lakini nilielewa yaliyofuata, maana yalifanyika mbele ya macho yangu. Mtu mzima akawa anakula chakula chake cha jioni ndani ya boti iliyo juu ya trela. Anapiga honi kila anapopita mtu anayemfahamu. Asubuhi anaiosha kwa maji ambayo mkewe ameyabeba kichwani kutoka bombani, huku mtungi wa nyumba uko mtupu. Siku moja Kunegunda alipanda atazame tu. Akafokewa avue kandambili.

"Nakanyaga lori langu," akasema mwanamke yule, akashuka polepole.

Nawauliza nyinyi wasomaji: hivi mtu akipata kitu kipya, lazima kwanza awageuze watu wake kuwa uchafu?

Likatokea jambo moja la kuleta matumaini. Edwin, dereva wa lile lori letu, alirudi kutoka Dar kwa basi, akamweleza Kunegunda maneno aliyoyasikia kwa masikio yake. Yule mfanyabiashara alisema hivi: ukiona haikufai, irudishe kabla ya mvua, nzima kama ulivyoichukua, na wewe utachukua lori lako. Thadei alikuwa ameyameza maneno hayo kimya kimya.

Kunegunda hakupiga kelele. Alikwenda Mpitimbi akamleta mama yake, pamoja na mjomba wake Beda. Wakakaa sebuleni. Mwafahamu mila: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawagusani. Basi bibi Walburga akakaa ameupa ukuta uso, akawa anazungumza kupitia kwa kaka yake.

"Beda, mwambie mwenye nyumba, mahindi yako shambani. Airudishe boti ikiwa nzima, alete lori."

"Umesikia, mkwe," akasema Beda.

Thadei akainamisha kichwa. Alikuwa anaheshimu wakwe kwa maneno, sikatai. "Nimesikia. Nitairudisha. Ila naomba kitu kimoja. Msiihukumu kwenye trela. Twende Mbamba Bay, niwapandishe mara moja tu, wazee wangu waonje. Tukirudi, naipeleka Dar."

Beda macho yalimng'aa. "Kuonja si vibaya," akasema.

"Mjomba, na wewe!" Kunegunda akamkata. "Ikigonga jiwe je? Tutarudisha nini?"

Bibi Walburga akasema, "Mtu akikubali kurudisha, msimvue nguo. Twende." Alimhurumia mkwewe, jamani. Hilo nalitaka mlikumbuke.

Tukasafiri kwa Landirova ya kukodi, boti nyuma, vumbi mpaka kwenye kope. Kila kijiji watu walitoka kutazama na kupiga makofi, na Thadei akawa anasimamisha gari ili watazame vizuri. Tulipofika ziwani upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuvuma. Wavuvi walikuwa wanavuta mitumbwi yao nchi kavu.

"Baba, hiyo ni ambulansi au ni jeneza la tajiri?" mmoja wao akauliza, wenzake wakacheka. Jina lake Otto, nilikuja kulijua baadaye.

"Utaniona," Thadei akamjibu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana ni kosa letu sisi watu wa malori. Kwetu lori jipya likifika, wakubwa wanakaa mbele na dereva. Nyuma ni pa vijana na magunia. Mzee ukimweka nyuma umemtukana. Thadei, akitaka kuwapendeza wakwe, akawakalisha bibi Walburga na mjomba Beda mbele kabisa, kwenye pua ya boti, pale penye viti vizuri. Na kwa kuwa wakwe hawaji mikono mitupu, gunia la unga na dumu la pombe ya ulanzi vikawekwa hapo hapo miguuni pao. Usukani akapewa Edwin, ambaye maisha yake yote ameendesha vitu vyenye breki. Thadei mwenyewe akashika kamba, akaingia majini na ubao wake.

"Jaketi za kuokolea ziko wapi?" Kunegunda akauliza kabla hawajaondoka.

Zilikuwa Mfaranyaki. Ziliachwa zimetundikwa sebuleni ndani ya nailoni zake, zisichafuke. Ilikuwapo moja tu, na moja hiyo alikuwa ameivaa Thadei.

"Hatufiki mbali, Mama Leticia. Hapo tu."

Mimi na Kunegunda tukabaki mchangani. Na nitasema kweli: mwanzoni ilipendeza. Boti ilinguruma, ikainuka, wimbi likajikunja nyuma yake safi kama kanga iliyotoka kupigwa pasi. Thadei akasimama juu ya ubao, akatikisika, akasimama tena. Watu wakapiga makofi. Mjomba Beda alikuwa anapiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi.

Kisha Thadei akaanguka. Edwin akageuza ghafla kumfuata, halafu akazima injini, kama mtu anayeegesha stendi. Boti haiegeshwi. Pua ikazama kwa uzito wa wazee na gunia, na lile wimbi kubwa walilolitengeneza wenyewe likaja kuwapokea usoni. Maji yakaingia mbele. Likaja la pili, hilo la mwera. Boti ikajaa, ikalala ubavu, watu wote wakamwagika.

Kunegunda akaingia ziwani mpaka kifuani na nguo zake, hajui kuogelea. Nilimshika mkono, akanivuta, karibu twende wote. "Mama! Mama!"

Hapakuwa mbali, sauti zilifika. Edwin na Beda walikuwa wameng'ang'ania mito ya viti iliyokuwa inaelea. Bibi Walburga hakuwa na kitu. Kitambaa chake cha kichwa kilionekana, kikapotea, kikaonekana. Thadei alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na jaketi yake inamwinua juu kama kizibo. Bibi yule akavunja mila ya miaka yote. Akamtazama mkwewe usoni, akamwita kwa jina.

"Thadei! Mkono!"

Tulisikia sote. Na tulisikia jibu lake.

"Boti yangu! Shikeni boti! Inakwenda kwenye mawe!"

Akampa kisogo, akapiga maji kuifuata boti.

Otto, yule aliyekuwa anatania, alikuwa tayari ameshasukuma mtumbwi. Alipiga kasia kwa namna ambayo sijaiona tena, akajitupa majini, akamkamata bibi kiunoni, akamnyanyua. Walipomfikisha mchangani alikuwa wa bluu midomoni. Wanawake wa pale wakamlaza kifudifudi, wakamkanda, akatapika ziwa zima, akapumua. Edwin na Beda wakaletwa na mtumbwi mwingine.

Boti nayo ilifika. Mwera uliibeba mpaka kwenye majabali, ukaipigapiga pale mbele yetu hadi ikafunguka tumbo. Thadei alikuja amekumbatia kipande cha kiti, analia.

Hakuna boti nzima ya kurudisha, kwa hiyo hakuna lori. Mahindi ya Mpitimbi tulijaribu kuyatoa kwa baiskeli, gunia moja moja, mimi na uzee wangu huu nikisukuma. Mvua zilipoanza, lundo kubwa lilikuwa bado shambani. Likaota, likanuka. Mwaka ule nyumba iliyokuwa inauzia watu mahindi ilikwenda kuomba unga kwa majirani.

Kunegunda hakurudi Mfaranyaki. Alibaki Mpitimbi kumuuguza mama yake, ambaye kifua hakikupona vizuri. Thadei akaja na wazee wake kuomba mke arudi. Nilikuwapo. Bibi Walburga alikuwa amekaa mlangoni amejifunika blanketi, na safari hii hakuupa ukuta uso.

"Wazee wangu," Thadei akasema, "mimi sikumwacha mama kwa ubaya. Ni heshima. Mila hairuhusu mkwe kumshika mama mkwe."

Neno hilo mpaka leo linanichoma. Mila! Mtu aliyeuza jasho la mama mkwe bila kumuuliza, leo anajificha nyuma ya mila.

Bibi akakohoa. "Yule mvuvi," akasema taratibu, "sikumzaa, wala hakuoa kwangu. Alinishika kiunoni mbele ya watu wote, na sikuona heshima yangu imepungua."

Wazee wa Thadei wakatazama chini. Mmoja akageuka kwa Kunegunda. "Na wewe, mwanetu, unasemaje?"

Kunegunda alikuwa anachambua mahindi yaliyooza, anatafuta punje za mbegu. Hakuinua kichwa.

"Kama mama yangu hashikiki," akasema, "basi na mimi binti yake asinishike."

Wakaondoka.

MAFUNZO YA KISA HIKI

Msinipotoshee kisa hiki mkasema nimekataza watu kununua vitu. Nchi imefunguliwa, nunueni. Ninachokikataza ni ufahari unaokula nyumba. Chombo kinacholisha watu wengi si mali ya mtu mmoja, hata kama jina lililoandikwa mlangoni ni lake. Usikiuze wala usikibadilishe bila kuwauliza wanaokula kwacho.

Ukinunua kitu usichokijua, jifunze kwanza kabla hujawapandisha wazee wa watu. Na kinga ya uhai itoe kwenye nailoni, uwavishe watu.

La mwisho nalisema kwa nyinyi mliopiga makofi barabarani, na mimi nikiwamo, maana ziwani nilipiga. Makofi yetu ndiyo yaliyomfanya Thadei aamini kwamba boti ni kubwa kuliko mtu. Mkimwona mwingine anaanza, msimpigie makofi. Mwulizeni, kama alivyouliza Kunegunda tangu siku ya kwanza: lori liko wapi?