Mpaka Lami

Mtaa wa spea siku ya Jumamosi hauna adabu. Redio za maduka zinashindana kupiga kelele, pikipiki zinapenya katikati ya watu, na kila muuzaji anakuita bosi, shangazi au mpwa, kutegemea anavyokukadiria. Katika vurugu hiyo alitokea mwanamume mrefu, amevaa koti la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa. Aliinama vizuri kabisa kuingia duka la baiskeli, na bado akagonga kichwa kwenye matairi yaliyoning'inizwa mlangoni.

"Pole, kaka," alisema dada wa kaunta bila kuinua macho. "Hayo yako hapo tangu asubuhi. Hayakukufuata wewe."

"Ahsante kwa kuniambia," alijibu, akijipapasa paji la uso. "Nataka matairi ya mlimani. Yenye meno makubwa kuliko yote."

"Meno ya kutafuna nini?"

"Mawe."

Hapo dada akainua macho. Yule mtu alieleza kwamba alikuwa fundi wa minara ya simu. Gari la kazini lilimshusha pale lami inapoishia; kutoka hapo mpaka kwenye mnara juu kilimani ilikuwa njia ya mawe tupu. Kupanda aliikokota baiskeli, mkoba wa vyuma mgongoni. Kushuka alipanda. Na kila aliposhuka, pancha.

"Kila anayeingia humu anatazama meno," dada alisema. "Jiwe halina shida na meno. Linachana ubavu. Lete kidole gumba."

"Changu?"

"Sasa cha nani?"

Alikishika kidole chake akakibonyeza kwenye ubavu wa tairi la kwanza, jembamba, lenye mstari mwekundu wa kupendeza. Ulibonyea. Kisha akakipeleka kwenye tairi jingine, jeusi tu, zito, halina urembo wowote.

"Lile la kwanza kama sikio," fundi alisema polepole. "Hili kama soli ya kiatu."

"Umeelewa. Haya ndiyo jozi ya mwisho. Ni mazito na hayana sura."

"Kama mimi."

"Wewe sura unayo. Uzito sijui."

Maneno yalimtoka kabla hajayazuia. Mwenzake wa dukani, muuzaji mmoja mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika, alipiga kaunta kwa furaha. "Mizani tunayo huko nyuma, dada! Tumpime?"

Fundi aliondoka na matairi begani na namba ya simu ya dada mfukoni. Kuanzia siku hiyo yeye alikuwa Mnara, na dada alikuwa Bibi Tairi.

Mapenzi yao yaliishi kwenye simu. Mnara akifika juu, kabla hajafungua mkoba, alipiga.

"Bibi Tairi, naliona paa la duka lenu."

"Muongo. Kutoka huko?"

"Hata wewe nakuona. Umefunga kitambaa cha njano."

Alijishika kichwa. Kilikuwa cha njano kweli. "Ulipita hapa asubuhi, mjanja wewe."

"Nilipita. Nilikuona unagombana na pampu, nikaona nisiingilie ugomvi wa ndugu."

Jumapili walitembea mjini, Bibi Tairi na gauni lake la kijani, Mnara na shati alilolipiga pasi mwenyewe likabaki na mkunjo uleule mgongoni. Mnara hakuwa na wazazi. Alikuwa na mdogo wake tu, aliyemlea, na hakuwa na namna nyingine ya kumtaja ila "kale kadogo kangu." Kale kadogo kanasumbua. Kale kadogo kamekataa kula. Bibi Tairi alimsikiliza na kuona kichwani mwake kitoto cha shule, soksi zimeshuka, begi linakokotwa.

Ndiyo maana hakuunganisha chochote siku alipoingia dukani mwanamke mzima, mzuri, sare nyeupe ya ukunga imemkaa kama ilishonwa juu ya mwili wake. Alitaka baiskeli yake ijazwe upepo. Bibi Tairi aliinama na pampu, mkono ukagusa ubavu wa tairi, ukajua. Jozi ile ya mwisho. Alikuwa ameyawekea alama ya rangi nyeupe karibu na rimu kwa mkono wake mwenyewe, siku ile alipoyauza.

"Matairi mazuri," alisema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Eeh. Nimepewa," yule mkunga alicheka. "Alikuja nyumbani akayafunga mwenyewe. Akasema njia zangu za kule machimboni zitaniua, bora yeye ateseke."

Bibi Tairi alijaza upepo mpaka mwisho, akafunga kifuniko, akamwambia karibu tena.

Mnara alipopiga simu jioni ile, aliiacha ilie. Kesho yake vilevile. Aliandika ujumbe mmoja tu: *Matairi yangu nimeyaona yalipo. Usinitafute.* Kisha akamfungia namba. Alikuwa mtu wa hasira kavu, asiyelia mbele ya watu wala asiyeuliza mara mbili. Kasuku alimtazama akipanga spoki zilizokwisha kupangwa, na kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Siku chache baadaye lile koti la chungwa lilionekana ng'ambo ya barabara. Bibi Tairi akakimbilia stoo nyuma ya duka, akakaa juu ya furushi kubwa lililoshushwa asubuhi, tyubu zikining'inia mbele ya uso wake kama nguo kwenye kamba.

"Yupo?" ilikuwa sauti ya Mnara, imechoka.

"Katoka," Kasuku alidanganya, kama alivyoombwa.

"Mwambie… hapana. Nitamwambia mwenyewe. Nipe matairi basi. Nimerudia yale ya zamani na yameisha kabisa. Yale mazito mnayo?"

"Yale yamekwisha, bosi. Lakini haya hapa! Mepesi, mstari mwekundu, utapaa!"

Bibi Tairi aliutazama mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya furushi alilokalia, na chini ya gunia vidole vyake viliuhisi ubavu mnene, mgumu kama soli. Mzigo mpya wa yale mazito. Kasuku hakuwa ameufungua bado. Ilitosha neno moja tu, kupitia mlango ulio wazi nusu. Alilishika neno hilo mdomoni mpaka aliposikia kengele ya mlango, na hatua ndefu zikienda zake.

Yule mkunga alirudi wiki iliyofuata. Safari hii hakutaka upepo.

"Wewe ndiye Bibi Tairi?" aliuliza, amesimama katikati ya duka mikono kiunoni. "Kumbe ni wewe uliyenijazia upepo! Dada, umemfanya nini kaka yangu? Hali, halali, anaongea na kuta."

"Kaka yako?"

"Kaka yangu ndiyo. Tumbo moja."

"Wewe ndiye… kale kadogo?"

"Mungu wangu, bado ananiita hivyo kwa watu!" Akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake na kicheko kikafa. "Ulidhani mimi ni nani?"

Bibi Tairi alikuwa ameshatoa simu, akampigia Mnara. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Bibi Tairi?" Upepo wa mlimani ulivuma nyuma ya sauti yake.

"Nisamehe. Nilidhani… Yuko hapa. Kale kadogo kako yuko hapa, ana mwili kunishinda."

Mnara akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Ulimwonea wivu mdogo wangu? Yule anayekoroma?"

"Nimesema nisamehe, usinichezee."

"Nilikosa na mimi. Matairi yako nilimpa bila kukuambia. Nilimwona ameanguka, goti limechanika, nikashindwa." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Nilipanga kukwambia chini, kwenye kiti, na shati safi. Lakini nimekaa siku nyingi na hili. Nioe… aah! Nataka nikuoe. Ona, nimegeuza hata maneno."

Mkunga, aliyekuwa ameegesha sikio karibu kabisa na simu, akajiziba mdomo.

"Jibu utalipata ukishuka," Bibi Tairi alisema, machozi na tabasamu vimechanganyika. "Siwezi kumpa mtu jibu kama hilo yuko mawinguni."

"Basi nashuka sasa hivi, napaa!"

"Ngoja. Una matairi gani?"

"Haya ya Kasuku. Ya mstari mwekundu."

Tabasamu lilimkauka. "Usipande. Umenisikia? Ikokote. Shuka kwa miguu yako."

"Yote hiyo? Nitachelewa."

"Chelewa. Mpaka lami, Mnara. Niahidi."

"Naahidi, mama. Mpaka lami."

Bibi Tairi alisugua kucha zake kwa sabuni mpaka weusi wa mpira ukatoka. Akavaa gauni la kijani. Akakaa kwenye ngazi ya duka, na kila koti la chungwa lilipopita alisimama, akakaa tena. Jua lilikuwa bado halijazama simu ilipolia, na haikuwa namba ya Mnara.

Kesho yake, kabla ya mazishi, alimwomba mkunga wapande pamoja mlimani. Mkunga alikokota baiskeli yake kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Mvua ilikuwa imenyesha kabla ya siku aliyoshuka Mnara, na udongo katikati ya mawe ulikuwa umeshika alama kama unga uliokandwa.

Walipofika juu wakageuka, Bibi Tairi alizisoma wakishuka. Kutoka juu kabisa, kati ya jiwe na jiwe, mstari mwembamba wa tairi ulishuka, na kando yake viatu, kushoto, kulia, vikubwa, bila kuacha hata mahali pamoja. Palipokuwa na miamba, viatu. Palipoteleza, viatu. Alikuwa ameikokota yote.

Mpaka kwenye kona ya mwisho. Hapo lami inaonekana, nyeusi, karibu, na njia imekuwa laini karibu yote. Viatu vikakoma. Alama ya tairi iliendelea peke yake, imezama zaidi kwa uzito wa mtu, ikaenda mpaka kwenye jiwe moja lenye ncha, si kubwa. Baada ya jiwe hilo udongo ulikuwa umevurugwa na miguu ya waliombeba.

"Alikaribia," mkunga alisema, sauti imepasuka. "Aliona amefika."

Bibi Tairi aliweka mguu wake ndani ya alama ya kiatu cha mwisho. Ukapotea humo. Akaichukua baiskeli mikononi mwa mkunga, akashika usukani, na kutoka pale akaanza kuikokota, taratibu, akilipita jiwe, akiupita udongo uliovurugwa, matairi yale mazito yakisaga changarawe. Hakusimama mpaka gurudumu la mbele lilipogusa lami.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa sasa hivi.

Mkunga alifika nyuma yake. Akaweka mkono wake juu ya usukani, kando ya mkono wa mwenzake.

"Amesikia, wifi," alisema. "Twende. Watu wanatungoja."