Majani ya Ndani ya Kamba

Kila asubuhi Rukma alichota maji kwenye chemchemi, akamnywesha ng'ombe, akafagia zizi. Yote aliyafanya mbio mbio, maji yakimwagika njia nzima. "Mtoto huyu hana breki!" mama yake alilalamika.

Jumapili hiyo haraka yake ilizidi. Kulikuwa na sherehe bondeni, kando ya mto, na wenzake walikwisha vaa. Lakini mama akamkabidhi kapu na reki.

"Kwanza majani ya kumtandikia ng'ombe. Na kapu lijae, usiniletee nusu. Ukirudi, nenda zako."

Rukma akapanda mlimani akinung'unika. Msitu wa kijiji ulikuwa na mialoni mikubwa, miburansi yenye maua mekundu, mikafali ya matunda matamu, na chini yake kangaga na mimea ya dawa. Karibu na njia majani yalikwisha zolewa. Palipobaki majani mengi hapo karibu ni ndani ya kamba tu, ile aliyoizungusha Dada Vimla, mtafiti wa chuo kikuu. Yeye alikuwa amewaambia Rukma na wanafunzi wenzake wasiguse kitu humo mpaka Jumatatu.

Rukma akasita. Kijijini kwao, kukata tawi ovyo kulikuwa kosa kubwa, lakini majani makavu kila mtu alizoa. "Amekataza kugusa msitu," akajiambia. "Haya yamekwisha anguka, ni takataka tu." Akaruka kamba, akakwangua mpaka udongo mweusi ukabaki wazi.

Bondeni alikuta jelebi za moto, zile tamutamu zinazochuruzika shira. Alikuwa anatafuna ya pili rafiki yake Kunti aliposema, "Kesho Dada Vimla anapima kaboni. Miti, udongo, mpaka majani makavu."

"Majani makavu? Ya nini?"

"We Rukma! Darasani ulikuwa wapi? Ah, ulikuwa unanifinya! Kaboni ndiyo ile iliyomo kwenye moshi. Miti huivuta kutoka hewani ikaihifadhi, na majani yakianguka yanaipeleka udongoni. Baba anasema vipimo vikiwa vidogo, wakubwa wa mradi wa kupanda miti wataona msitu wetu haufai, wapande misonobari mitupu mlima mzima."

Rukma akaiweka jelebi chini. Ng'ombe hali majani ya msonobari. Mama angekata wapi malisho?

Akarudi nyumbani mbio. Majani yalikwisha tandikwa zizini na kukanyagwa pamoja na kinyesi. Usiku kucha aligeuka huku na huku. Kulipopambazuka akakusanya majani ya misonobari ya kando ya barabara, akayatawanya ndani ya kamba. Akajipa matumaini kwamba majani ni majani.

Saa tatu Dada Vimla akafika na mizani, akifuatana na wanafunzi, mwenyekiti wa kamati ya msitu na mlinzi wa zamu. Alichuchumaa, akaokota jani moja refu, jembamba kama sindano.

"Msonobari? Mbona sioni hata mti mmoja wa msonobari hapa?"

Mwenyekiti akamgeukia Bachni, mama mdogo wa Rukma, aliyekuwa na zamu ya ulinzi mwezi huo. "Bachni, ulilala?"

"Nilale mimi? Tangu juzi miguu inaniwaka moto kwa kuzunguka!"

"Basi nani kafanya haya? Rudisha fimbo ya ulinzi. Tutampa mtu anayeaminika."

Bachni akaishika fimbo kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Rukma aliona miguu yake mwenyewe inataka kukimbia. Akailazimisha isimame.

"Ni mimi!" alisema kwa nguvu, wenzake wakageuka. "Mama mdogo hana kosa. Jana nilizoa majani. Leo nikaweka haya ili msijue."

"Rukma!" Bachni alifoka. "Mimi niliyekubeba mgongoni! Ungeniacha niaibike?"

Rukma akalia kwa kwikwi. Mwenyekiti alikohoa, akamwomba Bachni radhi mbele ya wote, na fimbo ikabaki mikononi mwake.

"Tungepima haya," Dada Vimla alisema, "tungeandika uongo juu ya msitu wenu. Afadhali umesema mapema. Tutachagua kwa bahati nasibu mahali pengine ndani zaidi msituni, tuanze upya."

Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Rukma alikwenda taratibu, akihesabu kila mche na kila kangaga. Walipopima kipande kingine kwenye misonobari mitupu upande wa pili, mizani ilionyesha tofauti kubwa.

"Hapa penu kuna mizizi ya juu na ya chini, mimea ya jua na ya kivuli," Dada Vimla alieleza. "Hakuna nafasi inayokaa bure, ndiyo maana kaboni ni nyingi. Vipimo hivi nitawapelekea wakubwa wa mradi." Baada ya majuma kadhaa jibu likaja: mlima usiguswe.

Lakini jioni ile ya Jumatatu hakuna aliyejua hayo. Rukma alimfuata Bachni njiani, akamshika upindo wa nguo. "Mama mdogo, nisamehe."

Bachni akasimama.

"Kuzoa majani ulikosea, na mtu yeyote hukosea. Majani yataanguka tena. Lakini ulipoficha, ulinibebesha mimi kosa lako. Jina langu likichafuka, mti gani utaniangushia jingine?"

Bachni akamshika mkono, wakateremka pamoja polepole.