Baba Mkwe Kwenye Ramani

Fundi alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa siku moja. Ulikuwa ule uchovu wa kuamka nao, kushinda nao na kulala nao.

Alikuwa fundi wa cherehani, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alishonea sebuleni kwake, karibu na dirisha. Mumewe alilinda ghala katika mji mwingine na alirudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mstaafu wa idara ya maji. Miaka yake yote ya kazi alizunguka nyumba kwa nyumba akisoma mita. Sasa kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Majina ya wajukuu yalimpotea, lakini kazi yake haikumpotea. Kila asubuhi alivaa viatu, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akaaga vizuri: anakwenda kwenye mita.

Siku nyingine alirudi mwenyewe. Siku nyingine hakuijua njia ya nyumbani. Hapo Fundi aliacha nguo kwenye sindano, akaingia mitaani kuuliza huyu na yule. Nguo zilichelewa. Wateja walinuna.

Safari ya mwisho mzee alipatikana jioni, ng'ambo ya reli, midomo imekauka kwa kiu. Wifi yake Fundi, dada mkubwa wa mumewe, akapiga simu. Alisema mzee akipotea tena atakuja kumchukua, na huko kwake atakaa ndani, mlango umefungwa kwa kufuli.

"Wewe umeshindwa," alisema, akakata simu.

Maneno yale yalimkaa Fundi rohoni. Alimpenda mzee huyu. Alipoolewa, ndugu wa mume walimwona si lolote si chochote, na ni mzee huyu aliyemwita mwanangu mbele yao. Hata hivyo alijaribu kumfungia. Mzee hakupiga kelele. Alisimama nyuma ya mlango, viatu mguuni, akauliza kwa upole kama ufunguo umepotea. Fundi alilia huku anashona. Kisha akaenda kufungua.

Mteja mmoja alimwambia kwamba simu inaweza kuonyesha mtu alipo. Mzee alikuwa na simu ya kisasa aliyonunuliwa na mwanawe. Asubuhi moja, mzee akinywa chai, Fundi aliichukua bila kumwambia. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, mpaka ramani ikatokea na alama ndogo inayomfuata mzee kila aendako. Akaituma kwenye kundi la ukoo la humo simuni.

Ndivyo familia hii ilivyozoea. Msiba, harusi, mtoto kuota jino, kila jambo lilipelekwa kwenye kundi la ukoo kwanza. Usipolipeleka, umewadharau watu. Tena Fundi alitaka wifi yake aone kwamba hajashindwa.

Mzee alitoka, simu mfukoni, na haukupita muda simu zikaanza kumiminika. Shangazi aliuliza mbona mzee amesimama barabarani. Binamu asiyeleta hata salamu aliuliza mbona yuko juani bila kofia, kana kwamba ramani inaonyesha kofia. Wifi ndiye usiseme. Fundi hakushona hata pindo moja.

Kisha ikapiga namba ngeni. Alikuwa mwanamume mwenye sauti laini.

"Mama, mzee namwona yuko mbali, karibu na tenki la maji. Utatoka kumfuata? Nyumbani unamwacha nani?"

"Wewe ni nani?"

"Ndugu tu. Si tuko wote kwenye kundi?"

Jina hakutaja. Fundi alidanganya kwamba nyumba imejaa watu, akakata. Aliogopa kubaki na aliogopa kutoka. Akafunga mlango, akakimbilia kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa dereva wa gari la mikate. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, amevua viatu, ameketi kizingitini kwake. Aliposikia habari alivivaa tena. Walimfuata mzee kwa ramani, wakamkuta penye tenki, wakarudi naye. Walipokwisha kukaa sebuleni, dereva aliomba simu ya mzee.

"Hili kundi lenu lina watu wangapi?"

"Wengi. Wengine hata siwajui."

"Basi umemtangaza mzee, dada yangu. Kila aliyemo anaona alipo. Akiwa mbali, mtu anajua utatoka kumfuata na nyumba itabaki tupu. Mimi tajiri yangu ananiona kwenye ramani nikiwa kazini. Nikiegesha gari, nazima. Kwangu si kazini."

Alimwonyesha mahali pa kubonyeza ili kundi lisione tena. Akamshauri amwambie msimamizi wa kundi amtoe yule mwenye namba ngeni. Kisha akafungua mipangilio, palipoandikwa Mahali. Hapo palikuwa na orodha ya programu zilizoruhusiwa kujua mzee alipo. Mojawapo ilikuwa ya tochi.

"Tochi inataka kujua mzee yuko wapi ya nini? Kazi yake ni kuwaka."

Akaizuia. Fundi alicheka kidogo, na kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka.

"Sasa utamwonyesha mtu unayemjua, mmoja mmoja, wala si kundi," dereva alisema. "Lakini mzee mwenyewe ulimwuliza?"

Mzee, aliyekuwa anafungua kamba za viatu, akainua kichwa na kuuliza kama wanamsema yeye.

"Ndiyo, Baba. Niliweka simu yako ionyeshe unapokwenda, na sikukuambia. Nisamehe. Nakuogopea usipotee."

Mzee alivua kiatu kimoja, akakiweka chini.

"Mimi sikuingia ua wa mtu bila kupiga hodi," alisema. "Hata mita ikiwa hapo hapo getini, nilipiga hodi."

"Basi napiga hodi sasa, Baba."

"Karibu. Lakini wewe, na huyu, na mumeo. Ukoo mzima wa nini?"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kutoka mzee alibonyeza mwenyewe, Fundi akimwelekeza kidole. Simu iliwaonyesha watu hao watatu alipo kwa muda wa saa chache tu, kisha ramani ikajizima yenyewe. Fundi alihakikisha simu imechajiwa na ina bando, maana bila hivyo ramani haisaidii kitu. Wifi alinuna kwa kutolewa kwenye ramani, akasema anafichwa baba yake. Safari hii mumewe Fundi ndiye aliyemjibu dada yake, na habari ya kufuli ikaisha.

Nguo zikaanza kutoka kwa wakati. Fundi alishona na simu kando, akiitupia jicho. Alama ikitembea, naye alishona.

Siku moja mchana alama ilisimama mahali pamoja, ikakaa. Fundi hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lango la pampu ya zamani iliyofungwa. Mzee alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji, anatazama huku na huku. Njia ilikuwa imempotea.

"Umejuaje niko hapa?"

"Ulibonyeza mwenyewe asubuhi, Baba, ili nijue."

Mzee alimtazama usoni, akamtazama miguu yenye vumbi.

"Umechoka, mwanangu."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Machozi yakamjaa Fundi.

"Nimechoka, Baba. Nimechoka sana."

Mzee akasogea, akapangusa saruji kwa kiganja.

"Kaa kwanza," alisema. "Kupotea sijapotea. Si uko hapa?"

Fundi akakaa.