Sauti Iliyoachwa Mlangoni

Nyumba ya fundi saa haikuwa na kibiriti hata kimoja, walipikia umeme. Kwa hiyo mkewe aliposikia harufu ya njiti iliyowashwa, saa nane mchana wa siku yake ya mapumziko, aliacha nguo alizokuwa akikunja akanusa chumba kwa chumba hadi sebuleni alipokaa mumewe.

"Baba watoto, umeanza sigara?"

"Nianze uzeeni? Labda majirani."

Mke hakuridhika. Harufu ile ilimkumbusha mtu asiyempenda, naye mtu huyo alikuwa mumewe mwenyewe. Fundi saa alikuwa mpole ambaye hata inzi angeweza kumtuma dukani, lakini mara moja kwa wiki aliingia studio ya redio akawa Kibiriti, yule katili wa mchezo wa jioni anayewasha njiti nje ya milango ya watu, kisha kwa sauti nzito ya kukwaruza anamdanganya mtoto aliyeachwa peke yake: "Fungua, mwanangu. Mimi ndiye baba yako." Watu walimchukia Kibiriti kufa, na hawakukosa kipindi hata kimoja.

"Ni dhambi kuonea raha uovu," mke alikuwa akisema.

"Ni maigizo, mama. Nimemuua nani?"

"Basi mbona ukitoka huko macho yanakung'aa?"

Na ilikuwa kweli. Dukani alibembeleza kila mtu. Ndani ya Kibiriti aliogopwa, na kuogopwa kulikuwa kutamu. Mke naye akaona heri kujikinga: akamfundisha binti yao wa miaka minane kwamba akiisikia sauti ile mlangoni, hata ikimtaja kwa jina, asifungue.

Pale studio, mtayarishaji alikuwa bibi mmoja waliyemwita Bi Kimya, na sharti lake lilikuwa moja. Kabla ya kuingia, kila mwigizaji alisimama mlangoni akajitaja yeye ni nani. Akitoka, alijitaja tena. "Sauti yako unaiacha hapa, unavaa ya kuazima," alisema. "Kuvaa si kosa. Kosa ni kwenda na nguo ya watu nyumbani." Vijana walicheka chinichini, lakini walijitaja.

Wiki hiyo fundi hakujitaja alipotoka. Hakusahau, tusimsingizie. Siku hiyo alikuwa amemliza mwigizaji mwenzake machozi ya kweli, na alitaka kutembea na utamu ule japo hadi nyumbani. Njiani akamjaribu mteja mmoja msumbufu kwa sauti ya Kibiriti, na yule bwana akarudi nyuma hatua mbili. Fundi akaenda zake akitabasamu.

Kesho yake ndipo ilipokuja ile harufu. Keshokutwa yake mke alimkuta binti akicheka peke yake chumbani.

"Unaongea na nani?"

"Na baba."

"Baba yuko dukani."

"Huyu wa hapa," binti akasema, akionyesha nyuma ya pazia, ambako hapakuwa na mtu. Mke aliliona ni jambo la kitoto. Alijuta baadaye.

Siku ya tatu fundi alifungua duka, akamwambia mteja wa kwanza, "Karibu," na neno likatoka zito, la kukwaruza. Akakohoa. Akanywa maji. Akajaribu kunong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa wa Kibiriti. Mteja alichukua saa yake mbovu akaondoka bila kuaga.

Fundi akafunga duka akaenda studio. Bi Kimya alipomsikia, alikaa chini.

"Sauti yako uliiacha mlangoni siku tatu, mwanangu. Wapo wasio na sauti wanaozunguka wakitafuta ya kuvaa."

"Nifanye nini, bibi?"

"Nenda kwako. Mtu wa damu yako akikuita baba, itakurudia." Akamshika mkono. "Lakini huyo aliyeivaa akitangulia kuitwa, imekuwa yake. Na kila kitakachofuata sauti hiyo."

Fundi alikimbia, mzee wa watu, akipita katikati ya magari na matusi ya madereva, akihesabu kichwani kwamba mkewe bado yuko saluni anakofanya kazi na binti amesharudi kutoka shule na amejifungia komeo kama alivyofundishwa, akijaribu njia nzima kulitamka jina la mwanawe kwa upole na kila mara likimtoka kama tishio, mpaka akafika mlangoni kwake, akahema, akabisha, na harufu ya njiti ikamjia kutoka chini ya mlango.

Miguu midogo ikasogea, ikasimama.

"Nani?"

Alitafuta neno jingine, neno lolote. Hakulipata, kwa sababu ukweli wote aliokuwa nao ulikuwa ni maneno yaleyale.

"Fungua, mwanangu. Mimi ndiye baba yako."

Mtoto akapiga ukelele kuelekea ndani ya nyumba:

"Baba! Baba! Kibiriti yuko mlangoni!"

Na ndani kukasikika kikohozi kidogo, kile alichokuwa akikikohoa fundi tangu utotoni kabla ya kusema, na baada yake sauti yake mwenyewe, laini, yenye subira.

"Usiogope, mama. Usimfungulie. Njoo huku kwa baba."

Fundi akaupiga mlango kwa mikono yote miwili, akinguruma, na kadiri alivyonguruma ndivyo miguu ile midogo ilivyokimbilia ndani. Halafu akasikia njiti ikiwashwa.