Mdudu wa Ziwani na Viazi vya Mama Dorotea

Evelina alikuwa anaanika michembe juu ya jabali, mwanawe Mihayo mgongoni. Hivyo vipande vya viazi vitamu ndivyo huwavusha miezi ya njaa.

"Mama Mihayo! Njoo uone!" Mama mkwe wake, Dorotea, alikuwa anatoka shambani na kiazi mkononi. Kilikuwa na matundu. Mdudu mwenye mdomo mrefu alitoka tunduni.

"Si nilisema? Ni wale wadudu wa ziwani!"

Siku chache nyuma, wataalamu walikuwa wameweka wadudu wenye mdomo mrefu kwenye gugu maji. Gugu hilo lilikuwa limeziba ufuko wao wote, karibu na Butimba. Pius, mume wa Evelina, alishindwa hata kutoa mtumbwi.

Dorotea aliingia ndani, akatoka na chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa pamba.

"Naimwaga pale kwenye gugu. Wafe wote!"

Evelina alishtuka. "Mama, pale ndipo tunapochota maji. Mihayo anayanywa."

"Na viazi vikiisha, Mihayo atakula nini?"

"Basi tumuulize kwanza Mwalimu Paskazia."

"Huyo? Nilimwona anawabebea wale wataalamu beseni la wadudu! Wamempa nini?"

Hata hivyo Evelina alimwita. Mwalimu Paskazia alikuwa jirani yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Walileta sangara, samaki wetu wadogo, furu, wakaliwa. Likaja gugu. Leo mdudu! Gugu likiisha atakula nini kama si viazi vyangu?"

"Una haki ya kushuku, mama. Lakini chupa hiyo itatudhuru sisi. Chakula chote kinaanzia kwenye jua. Mmea unatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mdudu anakula mmea. Samaki anakula mdudu. Sisi tunakula samaki. Nguvu ya jua inapita hivyo, mkono kwa mkono."

"Kumbe! Basi tuache kulima, tulale juani tushibe."

Evelina alicheka. Mwalimu naye akacheka.

"Sisi si majani, mama. Sasa, gugu limefunika maji. Mwani ulio chini haupati jua, na samaki wadogo wanakosa chakula."

Evelina akauliza, "Nguvu yote ya jua inamfikia samaki?"

"Hapana. Asubuhi Mihayo alikula nini?"

"Bakuli zima la michembe."

"Mbona hakuongezeka uzito wa bakuli?"

"Ameshinda anatambaa akifukuza kuku!"

"Ndiyo hivyo. Kila kiumbe kinatumia nguvu nyingi kuishi. Inayobaki mwilini kwa atakayekila ni kidogo. Ndiyo maana majani ni mengi, samaki ni wachache. Lakini sumu hii haiishi upesi hivyo. Ikiingia kwa mdudu itaingia kwa samaki, halafu kwa Mihayo."

Dorotea aliitazama chupa. Hakuiachia. "Maneno matamu. Nionyeshe."

"Tuchukue makopo mawili. Yote tutie wadudu wa ziwani. Moja majani ya viazi, jingine majani ya gugu."

"Yatakaa uvunguni mwa kitanda changu. Wewe usiyaguse!"

Kila asubuhi Dorotea alichungulia. Siku moja aliyatoa nje mwenyewe. Kwenye kopo la gugu, majani yalikuwa yamejaa vidonda na wadudu walikuwa hai. Kwenye kopo la viazi, majani yalikuwa yamenyauka bila alama ya kuliwa, na wadudu walikuwa wamekufa.

"Wamekufa njaa juu ya chakula?" Dorotea alishangaa.

"Kwao si chakula," alisema Mwalimu.

Dorotea alileta mdudu wa kiazi, akamweka kando ya mdudu wa ziwani. Mmoja alikuwa mweusi, mwembamba kama sisimizi. Mwingine alikuwa mnene, rangi ya vumbi.

"Mh! Hawa si ndugu."

"Huyu mweusi ni wa shambani siku zote. Anapitia nyufa za tuta. Fukia nyufa, vuna mapema, na msimu ujao panda viazi mahali pengine."

Dorotea alimpa Evelina chupa. "Mpelekee bwana shamba. Mihayo asije akaishika."

Wadudu hawakufanya kazi kwa siku moja. Misimu ilipita. Gugu likageuka kahawia, likazama kidogo kidogo, na Pius akatoa mtumbwi. Siku hiyo Mihayo, ambaye sasa alikuwa anakimbia, alikunywa maji ya ziwa yaliyochemshwa, akala samaki na michembe isiyo na tundu.

Uvunguni mwa Dorotea kopo bado lilikuwepo, na jani bichi la kiazi na wadudu wa ziwani ndani.

"Bado unawashuku, mama?" Evelina aliuliza.

"Siwashuku," alisema Dorotea. "Nawachunga."