Jaribu Hadi Upokelewe

Kompyuta sikuisomea darasani. Niliifungua kwa bisibisi, nikaiharibu, nikaitengeneza, basi nikawa fundi. Kwa hiyo naanza na ukweli: kosa lilikuwa langu, na asije mtu kunibembeleza hapa.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa karani katika ofisi ya malori. Ofisi nzima ilikuwa na laini moja ya simu, na meneja alikuwa haiachii. Ndiyo maana barua pepe zilikwenda kwa ratiba. Asubuhi moja tulivu niliipanga kompyuta ipige simu yenyewe: saa tatu, saa saba, saa kumi. Modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, barua zinazosubiri zinatoka, mpya zinaingia, simu inakatika. Dakika mbili tu.

Lakini namba ya kampuni ya mtandao ilikuwa na msongamano. Kompyuta ikijaribu mara tano inaacha. Meneja akanifokea mbele ya madereva.

"Fundi gani wewe? Hata kuku anajua kurudi bandani!"

Madereva wakacheka. Damu ikanichemka. Nikafuta ile tano, nikaweka: jaribu hadi upokelewe. Bila kikomo.

Ikafanya kazi. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa dereva wa malori hayohayo, na kila mji wenye mtandao alimwandikia mkewe mistari miwili. Aliandika kama alivyoongea, hana nukta wala herufi kubwa. Kisha lori lake likapinduka mlimani. Tukamzika.

Mwaka huohuo ofisi ikapata mtandao wa kisasa. Kampuni ya zamani ikafunga namba yake. Ile kompyuta ikasukumwa stoo pamoja na ile laini ya zamani, na dada akaomba isizimwe, maana barua za marehemu zilikuwa humo. Mimi nikasahau kufuta ratiba.

Miezi minane kompyuta ikapiga namba isiyo na mwenyewe. Saa tatu. Saa saba. Saa kumi. Tena na tena.

Ukibisha sana nyumba tupu, usishangae ukifunguliwa.

Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "imepokelewa."

"Nini imepokelewa? Sema unyooke!"

Akakata.

Nilimkuta stoo, amekaa juu ya boksi la karatasi. Amekonda, macho yameingia ndani kama ya mtu aliyekesha na mgonjwa mwezi mzima. Hakunisalimu. Akanionyesha kioo cha kompyuta kwa kidole.

Barua kumi na tisa. Zote kutoka kwa shemeji. Nikafungua ya kwanza.

"mke wangu huku giza simu ilikuwa inalia tu kila siku hakuna wa kupokea nikapokea mimi"

Nikasema kuna mhuni anatuchezea. Nikatukana mhuni huyo mpaka kwa babu yake. Dada hakuinua hata uso.

"Soma ya mwisho."

"usihangaike na njia andika tu kuwa unakuja barua ikifika nitakuwa nimekuchukua"

"Dada. Hukumjibu, sivyo?"

"Nimejibu."

"Umejibu nini?"

"Nakuja."

"Una akili wewe?"

"Nimechoka, mdogo wangu." Alisema taratibu, kama mtu anayetua ndoo. "Nimechoka tu."

Nikatazama saa. Saa kumi kasoro dakika nne. Jibu lake lilikuwa bado kwenye foleni, likisubiri simu ipigwe.

Nikalifuta. Likarudi.

Nikafuta ratiba. Ikarudi, na yale maneno yangu chini yake: jaribu hadi upokelewe.

Nikang'oa waya wa simu ukutani.

Nikasimama nao mkononi, nimeushika kama mkia wa nyoka. Nikajiambia, haya, sasa nenda kama unaweza.

Saa kumi.

Modemu ikalia.

Waya ukatetemeka kwenye vidole vyangu. Upande wa pili mtu akapokea. Nilisikia pumzi. Kisha ule mstari wa kuonyesha barua imetumwa kiasi gani ukaanza kujaa kwenye kioo. Kumi kwa mia. Ishirini. Dada akafumba macho, akatabasamu.

Thelathini. Arobaini.

Nikauvuta waya wa umeme kwa nguvu zangu zote. Kompyuta ikazima. Kabla haijazima nilisoma hamsini.

Dada akaanguka kutoka kwenye boksi. Hakupiga kelele.

Yuko hai, naishi naye. Upande wa kulia anakula, anacheka, ananiita kichwa maji. Upande wa kushoto haujui chochote, na ngozi yake ni baridi hata juani. Daktari anasema ni kiharusi. Sibishani naye, kasoma.

Ila kuna jambo sikumwambia. Jioni ile hospitali, nesi alinionyesha mkono wa kushoto wa dada, akasema, "Kaka, mvue pete, vidole vinavimba."

Dada hakuwa na pete. Yake aliivua siku ya msiba.

Nikaivua. Ilikuwa pete pana, ya kiume. Niliijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemvisha shemeji kabla hatujafunga jeneza.

Ndani yake kulikuwa na udongo. Mbichi.